Nilinunua Hisa Ili Nikae

Niliponunua hisa za kiwanda cha kukoboa kahawa, majirani zangu wa Musaga walidhani nafuata faida. Faida ninayo. Nina maghala mawili na gari ambalo hakuna anayenidai. Nilinunua kwa sababu ya mtu mmoja, mkurugenzi wa kiwanda hicho.

Ujanani nilibeba magunia pale, enzi kiwanda kizima kilipokuwa cha serikali. Siku moja niliingia ofisini kwake kuomba kazi ya kalamu. Nikavuta kiti. Akacheka mbele ya makarani wake.

"We mutoto wa Musaga, acha kiti! Viti vya humu ni vya watu wenye diploma."

Kicheko chao kikanisindikiza hadi getini. Mwaka huohuo nikavuka mpaka. Ughaibuni niliosha vyombo mchana na kusoma uhasibu jioni, nikapata diploma bila mjomba wala mbunge wa kunisukuma. Nikafanya biashara, nikarudi. Yeye nikamkuta kwenye kiti kilekile.

Ndipo serikali ikatangaza kuwauzia raia sehemu ya hisa zake. Nilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Mwenye hisa huelezwa mambo ya kiwanda, tena huelezwa akiwa ameketi. Nilitaka hilo tu: mimi nikae, yeye asimame.

Siku ya mkutano wa wanahisa nilivaa suti, diploma yangu nikaibeba katika bahasha. Anayetaka kucheka acheke, ni yangu. Mbele aliketi mama mmoja kutoka wizara ya fedha, mwakilishi wa hisa zilizobaki za serikali. Mkurugenzi akasimama, akasoma taarifa kwa sauti ya padri. Alipofikia gari lake jipya, akasema limelipwa kwa pesa za mauzo ya hisa.

Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikainua mkono.

"Patron, hisa aliuza nani?"

"Si sisi, kiwanda?"

"Apana. Hisa zilikuwa za serikali, na serikali ndiyo iliyouza. Pesa zote zimeingia hazina. Kiwanda kimebadilisha wamiliki tu, hakikuona hata faranga. Sasa gari umelipa na nini?"

Akapekua karatasi. Ningeweza kumwachia hapo. Nikarudia swali kwa Kifaransa, polepole, ili na makarani waliokaa nyuma wasikie vizuri.

"Jibu, Monsieur," yule mama akasema.

Akajibu, macho chini. Alikuwa amechukua pesa za kuwalipa wakulima kahawa yao, akitegemea pesa za hisa zingekuja kuziba pengo. Mama akanyoosha mkono, na mkurugenzi akaweka ufunguo wa gari mezani. Kuhusu kazi yake, mama akasema, wizara itaamua. Asirudi ofisini kwanza.

Nilipotoka na gari langu, nilimkuta mkurugenzi getini juani. Nyumba yake iko Kiriri, juu kabisa, na mlima ule hajaupanda kwa miguu miaka mingi. Akaja dirishani kwangu.

"Kijana wangu, nipandishe kidogo."

Kijana wake! Kwenye kiti cha mbele nilikuwa nimelaza bahasha yangu.

"Pole, patron. Hiki ni kiti cha diploma."

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama, koti mkononi, makarani wakipita kando yake bila kumsalimu. Sikupunguza mwendo.