Vigae vya Wageni

Juzi, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, bwana mmoja alikuwa akipanga na fundi kulijenga upya jiko la kuni la nyumbani kwake. Mkewe alisimama nyuma, akikohoa ndani ya leso.

"Mzee, pesa haifiki," fundi alisema. "Tutoe vigae vya ukutani ama bomba la moshi?"

"Toa bomba. Wageni wataona vigae."

"Na mimi ninayepika, Baba?" mkewe akauliza.

"Si utafungua dirisha, Mama!" Akacheka, akigonga kigae kwa ukucha.

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Mke wangu alikohoa hivyo hivyo mpaka tukamzika. Siku hiyo wageni walijaa jikoni kwetu, na sikuona hata mmoja akitazama ukuta.