Mama wa Kalunguta Aliyemfundisha Baba Mudogo Kusema

Mama mumoja tusiyemjua alisimama mlangoni kwa baba mudogo Zorobabel, asubuhi, siku ya soko. Hakupiga hodi. Alipiga makofi.

Élise, bibi ya Zorobabel, akatoka, akamsalimia. Yule mama hakujibu. Akafungua kitambaa shingoni, polepole. Pale chini ya koo kulikuwa na tundu.

Tundu kabisa. Linapumua.

Élise hakushtuka. Ndani ya nyumba alikuwa na mwingine wa vile vile.

Ngoja niwaeleze. Hii ilikuwa Butembo, miaka ile ya vita, wakati waasi walikuwa wamegawana inchi na askari wa Uganda wanapita na magari yao barabarani. Mimi nilikuwa naishi kwa baba mudogo. Aliuza vitenge sokoni na kuongoza korali kanisani kwetu, kwa Waprotestanti. Ukisikia wimbo unashuka kilima siku ya Mungu, unajua ni yeye.

Halafu sauti ikaanza kukauka. Tukasema ni vumbi. Tukasema ni kuimba sana. Mwisho hata mate akawa anameza kwa maumivu, tukampeleka Kampala, na waganga wa hospitali ya kule wakasema ni kansa ya koo. Wakatoa chombo chote cha sauti, wakamtoboa shingo apate kupumulia pale, kisha wakamchoma na mionzi mpaka ngozi ikawa nyeusi, ngumu kama kiatu.

Akarudi muzima. Ndivyo tulivyoambia watu: amerudi muzima.

Alikaa nyuma ya nyumba, kitambaa shingoni. Risasi zikilia upande wa kilima, majirani wanakimbia na magodoro, yeye anaangalia tu. Élise anamvuta mkono, anafuata. Anamwambia turudi, anarudi. Wageni walimpigia kelele kama kiziwi, na yeye hakukasirika. Chakula hakikuwa na harufu tena, maana hewa haipiti puani. Alikula kwa sababu sahani imewekwa.

Sasa yule mama akaingia, akakaa mbele yake. Akafunga midomo, akameza kitu kisichoonekana, na sauti ikatoka. Nzito, ya kukatika-katika, kama mutu anayecheua.

"Miye Kyakimwa. Natoka Kalunguta. Muganga moja wa Beni aliniambia kuko mutu huku iko sawa miye."

Zorobabel akamwangalia. Akasimama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Hapana neno," Kyakimwa akamwambia Élise. "Hata miye nilikuwaka vile."

Siku ya soko iliyofuata akarudi na muhogo kichwani. Na siku ya soko ingine. Alikuwa Mukatolika, mjane, mulimaji, na hakuwa mutu wa maneno ya kutia moyo. Alimwonyesha vitu. Namna ya kushona kitambaa chepesi vumbi lisiingie. Namna ya kuoga bila maji kukuua. Namna ya kukohoa mbele ya watu: geuka, funika, malizia, rudi kwenye mazungumzo, hapana omba pardon.

Kisha akaanza kumfundisha kusema.

"Funga midomo. Meza hewa kidogo, sawa unameza buyi, ule uji. Lakini hapana iache ifike tumboni. Irudishe."

Zorobabel alimeza. Hakuna kitu kilichotoka. Alimeza tena mpaka tumbo likajaa upepo. Kyakimwa alicheka bila sauti, mabega yake tu yanaruka.

"Jina yako ni murefu sana kwa batu kama siye," akamwambia. "Zorobabel, mutu anaimaliza siku gani? Tukamate Zoro. Inatosha."

Baba mudogo hakucheka. Lakini siku za soko zilipofika, niliona amevaa shati safi.

Siku moja wakaenda Beni pamoja kuangaliwa na muganga, nami nikawafuata. Tulipanda kamyo ya maharagi. Njiani kulikuwa na bariere. Basoda, askari wa pale, wakatushusha wote, kila mutu aseme jina na anakotoka. Siku zile, mutu akikataa kusema jina, anahesabiwa Mai-Mai, wapiganaji wa porini.

Soda akafika kwa Zorobabel.

"Loba, papa."

Baba mudogo akamwangalia tu.

"Nimesema sema. Unanizarau?"

Mimi nikafungua kinywa nimjibie. Soda akanielekezea kidole: wewe nyamaza. Akashusha bunduki begani. Zorobabel alisimama vile vile, mikono imening'inia. Baadaye alituambia kwamba hata pale hakuogopa. Alifikiri tu, basi, kumbe mwisho ni hapa.

Kyakimwa akatoka kwenye mustari. Akafungua shingo yake.

"Iko mugonjwa. Ngoja. Atasema."

Yule soda, kijana mwenye nguvu zake, akarudi nyuma kusikia sauti ile. Kyakimwa hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia Zorobabel.

"Sema."

Akameza hewa. Hakuna. Akameza tena.

"Zo. Ro."

"Zoro nani?" soda akauliza.

"Ni yenye inatoka," Kyakimwa akajibu. "Ukingojea ingine, utalala hapa."

Mwenzake soda akaanza kucheka, na yeye akacheka bila kutaka. Akatupungia mkono tupande.

Juu ya maharagi, mikono ya baba mudogo ilianza kutetemeka. Aliiangalia kama mikono ya mutu mwingine. Kyakimwa akaishika, akaiweka magotini kwake mpaka Beni.

Toka pale alijifunza haraka. "Maji." "Élise." "Kesho." Maneno mafupi, lakini yake.

Kisha Kyakimwa akaacha kuja.

Kwanza tulisema ni njia. Kulikuwa na mapigano upande wa Kalunguta, magari hayapiti. Njia ikafunguliwa, na bado hakuja. Zorobabel akavaa shati, akapanda kamyo, nami naye.

Kule Kalunguta tulimkuta Josaphat, mutoto mukubwa wa Kyakimwa, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hakuhitaji kutueleza.

"Tulimuzika wakati wa mapigano," akasema. "Hatukuweza kutuma mutu. Kansa ilirudi, ikashuka kwenye mapafu."

"Ilirudi wakati gani?" nikauliza.

"Mbele hajawajua ninyi. Siku muganga wa Beni alimwambia hakuna tena dawa, ni siku ile ile alimwambia kuko mugonjwa Butembo. Asubuhi yake akashika njia ya kwenu."

Baba mudogo alikaa chini. Kila siku ya soko, muhogo kichwani, kumbe mama yule alikuwa tayari amehukumiwa.

Akameza hewa. "Juu ya nini. Hakusema."

"Alisema kule kwako ndipo anapumuzika," Josaphat akajibu. "Alikuwa anatuambia, niko na mutu ananituliza Butembo."

"Miye?" Akameza tena. "Sikusema. Kitu."

"Ndiyo ile. Hapa, kila mutu alimuuliza kila siku kama atapona. Hata miye. Alisema weye peke yako hukumuuliza."

Zorobabel akafunika uso. Mutu mwenye tundu shingoni akilia, hakuna sauti. Ni pumzi tu, inaingia na kutoka pale chini. Tulikuwa tunaisikia.

Kisha wazee wa familia wakaomba mugeni aseme neno. Akasimama, akasema kidogo kidogo, anameza, anasema. Wajukuu wa Kyakimwa walikuwa wanakula mbele yake. Hakuna hata mumoja aliyeinua kichwa kushangaa. Kwao ile ilikuwa sauti ya mutu.

Ndugu zangu, ukiwa umepita kwenye ugonjwa fulani na umesikia mwenzako ameingia, hapana ngojea akuite. Enda, hata kama huna neno la kumwambia. Na wewe unayetembelewa, hapana fikiri ni wewe tu unayesaidiwa.