Aliyemtoa Mtoto Nje

Tangu binti yake Kirezi aolewe na kupelekwa Huye, Mukandutiye alianza kufunga mlango wake mchana kweupe, akakaa ndani kama mtu anayejificha. Kirezi ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Watoto watano walipita mgongoni mwa Mukandutiye, na wote aliwalea peke yake, maana baba yao, Habineza, alivuka mpaka siku moja kwenda Goma kutafuta matairi ya lori, akapata mwanamke mwenye duka, hakurudi tena. Mukandutiye akauza sambaza, vidagaa vya ziwani, katika mtaa wao wa Mbugangari, akafua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Yeye hakuingia darasani hata siku moja, lakini watoto wake walisoma wote. Sasa walikuwa Kigali, Huye na Kampala, na kila aliyepiga simu alikuwa na neno lile lile: "Mama, pumzika."

Pumzika! Wanamnyonya mtu mpaka anakauka, kisha wanamwambia apumzike. Ungemkuta asubuhi anafagia ua aliokwisha kuufagia, kisha anasimama na ufagio mkononi, hajui afuate nini.

Lililommaliza ni mjukuu. Mugabo, mwanawe mkubwa aliyekuwa Kigali, alipata mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwa desturi mtoto mchanga hatoki nje mpaka siku ya nane. Siku hiyo bibi yake mzaa baba humbeba na kumtoa uani, jua limwone. Watoto wa majirani hula pamoja na kutaja majina wanayotaka wao, halafu wakubwa wanampa jina lake. Mukandutiye alinunua kitenge kipya cha kumbebea. Akangoja aitwe. Kilichokuja ni picha kwenye simu: mtoto mikononi mwa mama mkwe wa Mugabo, wote wanacheka.

Alimpigia Mugabo. "Mwanangu, mi nilikufa?"

"Hapana mama. Safari ni ndefu, ungechoka. Na mama wa mke wangu alikuwa tayari iko hapa. Bon, basi, utamuona Pasaka."

Alikata simu, akalala chini kwenye saruji, wala hakulia. Alipanga tu asiamke.

Aliyemwamsha ni Kaltumu, fundi cherehani wa hapo hapo Mbugangari, mwanamke Mwislamu mwenye mdomo mkali, ambaye naye watoto wake walikuwa wametawanyika. Kaltumu aligonga, akachoka kugonga, akasukuma mlango.

"We Mukandutiye, unalala chini kama gunia? Amka! Mu mji huu iko wasichana wamezaa na hawana mama. Na we uko na umama wote huu unauozesha ndani."

Kaltumu alikuwa amekusanya wanawake wa rika lake, wale ambao nyumba zao zilikuwa zimenyamaza. Walipika uji wa mtama, wakaupeleka kwa wazazi wasio na mtu: wake wa askari walioletwa kutoka mbali, wasichana waliofiwa na mama. Waliwaogesha watoto, wakafua nepi, mpaka mzazi apate nguvu. Alikuwa na sharti moja tu.

"Tunaenda kusaidia. Hatuendi kukaa mu nafasi ya mutu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia kwa masikio tu.

Walimpeleka kwa Keza, mke wa Bahizi, dereva wa pikipiki; alikuwa msichana mdogo aliyefiwa na mama, na alikuwa amejifungua jana yake. Mama yake Bahizi, Iribagiza, alikuwa kijijini Kanzenze kwenye shamba lake la viazi, na asingeweza kuja kabla ya siku ya nane. Siku ya pili tu Keza alianza kumwita Mukandutiye mama. Basi ikawa hivyo. Mukandutiye alifika kabla Bahizi hajatoka kwenda kazini, akaondoka Keza akiwa ameshasinzia. Alinenepa uso. Alicheka barabarani peke yake. Kila alipomlaza mtoto yule mapajani, mikono yake ilijua kazi yake bila kuulizwa, na ile sauti iliyokuwa ikimwambia kichwani kwamba hana faida tena ilinyamaza.

Siku ya nane mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bahizi aliondoka asubuhi na pikipiki kumfuata mama yake, na saa sita ilipita hawajaonekana. Barabara ya Kanzenze ilikuwa imejaa tope, na simu haikupatikana. Watoto wa majirani walikuwa wameshalima uani kwa vijiti, kama inavyotakiwa siku hiyo. Walikuwa wamenyunyiziwa maji kama mvua, wakakimbilia ndani wakipiga kelele, wakala maharage na mboga mpaka ungo ukawa mtupu. Walikaa sasa wanauliza, "Mutoto anatoka saa ngapi?"

"Tungoje mabukwe," Keza alisema. Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

Wakangoja. Jua likaanza kuinamia milima ya ng'ambo.

"Keza, jua likizama, siku imepita," Mukandutiye alisema.

"Mama, tungoje kidogo. Ni haki yake."

Neno haki lilimchoma. Haki! Na ya kwake ilikuwa wapi siku ile Kigali? Nani alisema tungoje, mama yake Mugabo yuko njiani? Kitenge kile kipya alikuwa nacho kwenye kikapu, alikuwa anakibeba kila siku bila kujiambia ni kwa nini. Kabla Keza hajainuka kitandani, Mukandutiye alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kuvuka kizingiti.

Uani jua la jioni lilimpiga mtoto usoni, akapiga chafya. Watoto wakashangilia. Mukandutiye alimgeuza kifuani, akamwinua, na jina alilokuwa amemtunzia mtoto wa Mugabo miezi yote ile likamtoka mdomoni.

"Wewe ni Rugwiro," alisema. "Rugwiro wangu."

Kumtoa mtoto wa watu ni kosa. Kumpa jina ni kosa ambalo halina hata pa kuombea radhi. Na hapo hapo pikipiki ikaingia.

Iribagiza alishuka akiwa na tope mpaka magotini, khanga imemgandia. Alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama fimbo.

"Bahizi, huyu ni nani amembeba mjukuu wangu?"

Bahizi aliangalia chini. "Ni... ni ule mama wa uji."

Mama wa uji! Siku zote zile, mama wa uji.

"Ahaa. Na siku hizi uji una miguu? Uji unatoa watoto wa watu nje?" Iribagiza alisogea. "Nimeanguka kwenye tope kama ng'ombe. Nimebeba jina aliloniachia marehemu mume wangu kitandani. Nafika, nakuta mama wa uji ameshamaliza kazi!"

"Samahani, mama. Jua lilikuwa linazama."

"Acha jua. Wewe huna wajukuu?"

"Niko naye mumoja."

"Huyo wa kwako, nani alimtoa nje?"

Mukandutiye alivuta pindo la kitenge, akamfunika mtoto. Iribagiza alimtazama, huruma ikampita usoni, lakini haikukaa. Alinyoosha mikono.

"Nipe."

Mukandutiye alirudi nyuma. Alirudi tena, mpaka mgongo ukagusa uzio, na mtoto amembana kifuani hivi kwamba akaanza kulia kilio cha kuumia.

"Mama, mupe!" Keza alipiga kelele mlangoni, ameshika tumbo. "Mupe mutoto wangu! Unamuumiza!"

Akampa.

Walimrudisha mtoto ndani, wakafunga mlango, kana kwamba hajawahi kutoka. Watoto waliitwa tena na vijiti vyao, wakafurahi kulima mara ya pili, wakamwagiwa maji tena. Mukandutiye alisimama barabarani nje ya uzio. Alisikia mlango ukifunguliwa. Alisikia sauti ya Iribagiza ikisema, "Karangwa," na vigelegele vikapanda. Watu waliopita walimuuliza kama ni mgonjwa.

Kesho yake Kaltumu hakumkaribisha kukaa.

"Kwa mutoto muchanga hutarudi. Kwa Keza, kwa mutu yeyote."

"Donc, basi nifukuze kabisa. Nibaki na nini sasa?"

"Na mikono. Utapepeta mtama, utapika."

"Mi nililea watano, Kaltumu! Peke yangu!"

"Na mi saba!" Kaltumu alipiga meza, cherehani ikalia. "Saba, na hakuna hata mumoja aliniambia njoo ukae kwangu. Unazani mi sitaki kukimbia na mutoto wa mutu? Kila siku nataka. Kila siku, dada yangu. Lakini namurudisha kwa mama yake, nakuja hapa nashona."

Mukandutiye alienda nyumbani, akafunga mlango. Aliiangalia saruji ile aliyolalia siku zile. Asubuhi akaenda kupepeta mtama, si kwa sababu amesamehe, wala amesamehewa. Kule nyumbani alijua atakufa.

Iribagiza alirudi kwenye viazi vyake, na Keza akabaki peke yake tena. Kaltumu akamteua Yasmina, aliyejiunga wiki hiyo baada ya mwanawe wa pekee kuondoka. Yasmina alichukua chupa ya uji, akasimama mbele ya Mukandutiye.

"Dada, huyo Keza yuko namna gani?"

Mukandutiye alipepeta. Makapi yalimrukia usoni, hakuyafuta. Yasmina akangoja, akachoka, akaanza kwenda. Alikuwa amefika barabarani alipoitwa.

"We! Usimupe uji wa moto. Anaona haya kusema unaunguza, atameza tu. Na mutoto, anza kumuogesha na miguu. Ukianza na kichwa, analia mpaka anatapika. Akilia, muweke begani, upande wa kushoto. Usimubane."

"Sawa, dada. Na jina lake nani?"

Mukandutiye alishika ungo kwa mikono miwili.

"Karangwa," alisema. "Anaitwa Karangwa. Nenda, uji unapoa."