Besi Iliyoandikwa Jina Langu

Siku kwaya yetu ya Tunduma iliporekodi albamu, mimi mpiga gitaa la besi nilikuwa kitandani na malaria. Rafiki yangu kutoka Mbebe ndiye aliyekwenda studio badala yangu, akapiga nyimbo zote. Albamu ilipotoka, kwenye jalada, penye mpiga besi, palikuwa na jina langu. Aliniuliza mara moja tu, tukinywa chai kule Chapwa: "Kaka, pale hawakukosea?" Nikamjibu kwamba tutarekebisha toleo lijalo. Hakuuliza tena, na mimi sikurekebisha.

Mwaka jana alifariki. Msibani kwake wakapiga albamu ileile kwenye spika, jeneza likiwa sebuleni. Besi yake ilitembea taratibu chini ya sauti za akina mama, na kila mwisho wa ubeti aliivuta noti kidogo, kama alivyozoea. Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Mkono wako huo, mwanangu. Mungu akutunze." Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, nikashukuru.

Baada ya mazishi nilimfuata mjane wake jikoni, nikamwambia ukweli. Aliendelea kuchambua mchele.

"Shemeji, hapa nyumbani tunajua," alisema. "Watoto wanamjua baba yao akipiga. Ungesema pale nje, watu walipokuwepo."

Nilipotoka uani, viti vilikuwa vimeshakusanywa. Siku hizi nikiisikia albamu ile dukani au stendi, nasimama mpaka wimbo uishe. Kanisani bado sijamwambia mtu.