Marehemu Aliyeruhusu Magunia Yatoke

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya kampuni moja kubwa ya kahawa hapa Mbinga. Wakubwa walikuwa wanachagua programu ya kompyuta itakayosimamia nani anaruhusiwa kufungua nini. Muuzaji wa programu hizo, bwana mwenye tai kutoka Dar, akagonga kioo cha kompyuta kwa kalamu.

"Huyu mkuu wa ghala mmesema alifariki mwaka jana. Mbona leo asubuhi ameruhusu magunia yatoke?"

Meneja hakushtuka. Akaagiza aitwe. Akaingia jamaa mwenye koti lililomfunika mpaka vidole.

"Shikamooni, wazee."

"Ndiye huyu," meneja akasema. "Amerithi jina la mjomba wake, na kazi tukampa."

"Jina sawa. Na neno la siri la marehemu?"

"Nilikabidhiwa pamoja na koti," jamaa akajibu, "siku ya kuanua tanga. Lilitamkwa mbele ya ukoo mzima, pasije pakatokea ugomvi."

Muuzaji akavua miwani, akaifuta. "Programu yetu inamwondoa marehemu siku hiyohiyo."

"Hiyohiyo?" Meneja akashika kifua. "Hata hajazikwa?"

Wakachagua nyingine, isiyo na haraka na wafu.

Mimi siwacheki. Kahawa yangu ya msimu mzima imo kwenye ghala lile, na ukoo ule una watu wengi kuliko kwaya ya parokia. Tangu siku hiyo nawaamkia wote shikamoo, hata wale wanaonyonya.