Spika Moja Kwangu, Moja Lalago

Marehemu mume wangu alikuwa seremala hapa Bariadi, lakini roho yake ilikuwa kwenye muziki. Spika zetu alizitengeneza mwenyewe kwa mninga: maboksi membamba, kulia sawasawa na kushoto, spika ndogo ya sauti nyembamba ikikaribiana na ile kubwa. Alizisogeza mbali na ukuta, akazigeuza kidogo zitazame kochi, kisha akawasha rekodi ya kwaya yao ya kanisani. Jamani! Soprano kushoto, besi kulia, na yeye, aliyeimba solo, kasimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Nikamuuliza, sasa nipike chakula cha waume wawili?

Alipofariki, siku ya kuanua matanga wazee waligawa vitu vyake. Spika ni mbili, wakasema, basi moja ya mjane, moja ya kaka yake wa Lalago. Haki kabisa. Mjane hasemi siku hiyo, anakaa mkekani kajifunika kanga. Na mimi, mwenye mdomo huu, nikanyamaza.

Nilipowasha ile moja, sauti yake ilitoka ndani ya boksi kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Hakusimama popote. Nililia hadi nikajichukia. Nilitaka asimame tena mbele yangu, hata kwa wimbo mmoja, sikutaka kingine.

Nikapanda basi hadi Lalago. Shemeji ni mtu mwema, hata kumchukia huwezi. Alinipa ile spika bila maneno mengi.

"Ila nimeiboresha, shemeji," akasema, uso ukimng'aa. "Ilikuwa haina besi. Nimepanua boksi, nikaweka spika ya disko. Sasa hata Malampaka wanaisikia!"

Nikasema wabeja, asante sana, nikaipakia kwenye basi.

Nyumbani nikaziweka zote mbili palepale alipoziweka yeye, nikakaa kochini. Besi ikanguruma, kwaya nzima ikavutwa upande mmoja. Solo ilipofika nikafumba macho, nikamtafuta. Koo lake lilikuwa huku, kifua chake kule. Katikati hapakuwa na mtu.

"Basi, baba, pumzika," nikamwambia, nikazima kabla hajamaliza ubeti.