Slipa za Marehemu Chini ya Laptop

Hii kitu sijawahi kuambia mtu wa kwetu Nyamira, na nikiikumbuka hata sasa natamani kujifunika blanketi.

Nilikuwa nimekodi chumba hapa Sosiot kwa Mama Chebet, mjane mmoja mpole ana ng'ombe wawili, mbwa mmoja na majani chai kidogo, na siku hiyo saa nne asubuhi nilikuwa na interview ya ukarani kwa mtandao. Laptop yangu ni mzee, bila kile kibao cha feni kinachowekwa chini yake kuipooza inazima yenyewe, na hicho kibao nacho (nilikinunua mitumba Bomet) kilikuwa kinanguruma na kutetemesha meza mpaka dada yangu kwa simu akaniuliza kama niko posho mill nasaga mahindi.

Basi asubuhi nikakifungua, nikatoa vumbi kwa feni na brashi ya meno, nikakaza skrubu, kelele ikapungua nusu, lakini meza bado inatetemeka. Nikajua kinataka miguu ya mpira. Nikatoka nje, nikaona slipa kuukuu za bluu kando ya boma la ng'ombe, zimejaa matope, moja kamba yake imefungwa na waya, nikasema hizi zimetupwa. Ningeuliza, Mama Chebet alikuwa hapo tu jikoni, lakini sikuuliza. Nikakata vipande vinne kwa visigino na wembe, nikavigundisha chini ya kibao na gluu, na kwa kweli kikanyamaza kabisa, nikajiona fundi.

Interview ikaanza vizuri, watu watatu kwa skrini, wananisikia mpaka nikipumua. Nikiwa katikati ya kujieleza vile mimi ni mtu wa kuaminika, Mama Chebet akasimama mlangoni na zile slipa mkononi, akaniuliza kama najua nani amezikata.

Nikageuza kichwa, nikanong'ona, "Ni mbwa, Mama."

Akaondoka. Kidogo nikasikia mbwa analia, anachapwa, na mimi hapo natabasamu kwa skrini (Mungu anisamehe).

Mwenyekiti wao akaniambia wamesikia nikiongea na mtu, kwa hivyo niinue laptop niwaonyeshe chumba, wajue hakuna anayenipatia majibu. Nikainua laptop na kibao pamoja, nikageuka polepole mpaka mlangoni, na Mama Chebet alikuwa amerudi, fimbo bado mkononi. Macho yake yakaenda chini ya kibao, kwa vile vipande vinne vya bluu.

"Hizo ni slipa za mzee wangu," akasema, sauti ya chini tu. "Tangu tumzike ndizo navaa nikienda kukamua. Na nimechapa mbwa bure."

Nikarudisha laptop mezani. Mama mmoja kati ya wale watatu wa kwa skrini akasema kwa upole kwamba wamesikia ya kutosha, watanipigia. Hawajapiga mpaka leo, na mimi kama ningekuwa wao nisingepiga.

Jioni nilienda jikoni kwake nikapiga magoti, nikaomba msamaha, nikampelekea slipa mpya. Akazipokea, akanishukuru, akaniwekea chai. Lakini kesho yake asubuhi nilimwona akienda kukamua na zile zile, kisigino chake kinakanyaga matope kupitia shimo nililokata mimi, na mbwa anamfuata nyuma akichechemea.

Siku hizi kitu chochote cha mtu, hata nikikipata kwa shimo la takataka, sikigusi kabla sijamuuliza mwenyewe. Na nikiulizwa, nasema ni mimi.